Leo Usiku Twende Wapi?

Najua niliahidi kwamba makala hii ingekuwa sehemu ya tatu ya ile habari ya hifadhidata, na kweli nusu yake nimeshaiandika, lakini itabidi isubiri. Leo nataka kuwasimulia habari za Jumamosi iliyopita, siku ambayo programu niliyoiandika kwa mikono yangu mwenyewe ilinishauri nimpeleke baba yangu mahali ambapo asingesikia kitu.

Nianze na programu yenyewe, maana wengine wenu ni wageni hapa. Nairobi kila Jumamosi usiku ina muziki wa jukwaani kila upande: jazi Westlands na Lavington, mugithi kwenye barabara ya Thika, ohangla na benga kwenye mabaa ambayo ukipita mchana hutajua kama yana jukwaa, rumba upande wa Lang'ata, vijana wenye gitaa moja na stuli kwenye mikahawa ya Kilimani. Hakuna mahali pamoja palipoandikwa hayo yote. Shoo moja iko Instagram, nyingine Facebook, nyingine iko kwenye status ya WhatsApp ya meneja wa baa, na nyingine ni karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya stima. Mwaka 2022 nilikosa shoo ya mwanamuziki ninayempenda sana, iliyofanyika dakika kumi kutoka nyumbani kwangu, kwa sababu nilipata habari zake kesho yake. Nilikasirika kama wanavyokasirika watu wa kazi yetu: nikakaa wikendi mbili nikaandika programu.

Inafanya hivi. Kila asubuhi saa kumi na mbili inaamka, inazunguka kwenye kurasa kama arobaini hivi, inaokota matangazo, inasoma maandishi yaliyomo ndani ya picha (matangazo mengi ni picha tupu, hata jina la baa liko ndani ya picha), halafu inalipa kila tangazo alama na kunipangia orodha. Nimeiandika kwa Python na inakaa kwenye seva ndogo ya bei rahisi.

Kuokota kulikuwa rahisi. Kilichonitoa jasho ni saa. Tangazo la benga linasema "kuanzia saa mbili", programu inaona 2, inaandika 2:00, na mimi naambiwa bendi inaanza saa nane usiku. Nilikaa miezi miwili nikiamini kwamba wapenzi wa benga ni watu wasiolala kabisa. Nikarekebisha. Likaja tangazo linalosema "mpaka che". Sasa che ni saa ngapi? Che ni pale jua linapochomoza au pesa zinapoisha, lolote litakalotangulia, na hakuna kompyuta iliyowahi kufundishwa hesabu hiyo. Halafu rafiki yangu mmoja wa Mombasa akanikumbusha kwamba kwao usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani siku inaanza jua linapozama na wala si saa sita usiku. Nilitazama msimbo wangu wa tarehe kwa muda, nikafunga laptopu, nikaenda kula.

Alama zenyewe zilitokana na mambo matano: kama nimewahi kumsikiliza msanii huyo kwenye simu yangu, bei ya kiingilio, umbali kutoka kwangu, watu wangapi wamesema watakwenda, na kama mahali hapo niliwahi kupenda. Kwa miaka mitatu ilinifaa. Marafiki walikuwa wakinipigia Ijumaa jioni kuuliza "mashine yako inasemaje?" na mimi nikivimba kichwa.

Baba aliwasili Alhamisi kwa basi kutoka Bungoma. Alikuja kwa sababu ya masikio.

Lazima niwaeleze kidogo. Baba alifanya kazi kwenye karakana ya reli hapa Nairobi tangu mwaka 1981 hadi 1998, miaka 17 ya nyundo, rivti na injini, na hajawahi kunitajia kitu chochote kilichoitwa kinga ya masikio. Alipopunguzwa kazini alirudi nyumbani kulima, nami nilikuwa mtoto wa mwaka mmoja, kwa hiyo mtu wa Nairobi aliyekuwa baba mimi simjui. Ninayemjua ni yule wa shambani, anayeongeza sauti ya redio kidogo kila mwaka. Mama alikuwa akisema ni ukaidi. Mwaka huu ilifika mahali anaitikia maswali ambayo hakuulizwa.

Ijumaa tukaenda kupimwa. Unaingizwa kwenye kijumba kisichopitisha sauti, unavalishwa hedifoni, unabonyeza kitufe kila unaposikia mlio, na mwishoni unapewa karatasi yenye mstari. Wenzangu mliosoma mambo ya mawimbi mngeielewa mara moja, na mimi niliielewa kabla daktari hajafungua mdomo, wala sikufurahia kuielewa. Upande wa sauti nene, hezi 250 na 500, baba ni karibu mzima. Kwenye 2,000 mstari unaanza kuinama. Kwenye 4,000 unaanguka kama mtu aliyekosa ngazi. Huo ndio mchoro wa watu waliofanya kazi penye kelele, akaeleza daktari, kisha umri nao unaongeza yake. Vile vinywele vidogo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena kwa binadamu.

Sauti nyembamba ndizo zinazobeba s, f, sh, t na k. Irabu ziko chini, ni nene na zina nguvu. Kwa hiyo saa, taa, kaa na faa, kwa baba zote ni "aa" moja yenye ukungu mbele. Anakisia kwa kutazama mdomo wako na kwa kujua mnazungumza habari gani. Nilihesabu kichwani ni mara ngapi nimemkatia simu kwa kukosa subira.

Vifaa vya kusaidia kusikia vitakuwa tayari baada ya wiki tatu. (Bei sitaitaja, Mama husoma hapa.) Daktari alikuwa mkweli: vitamsaidia sana kwenye mazungumzo, lakini muziki ni habari nyingine. Vifaa vingi vimetengenezwa kwa ajili ya maneno. Vinapandisha sauti ndogo na kubana kubwa, na ile sehemu inayozuia mlio wa kifaa chenyewe inaweza kusikia noti iliyoshikiliwa kwa muda mrefu ikadhani ndiyo huo mlio, ikaanza kuufuta. Nilimweleza baba hayo kwenye korido, polepole, nikimtazama usoni. Akanyamaza. Tulipofika kwenye lango akauliza, "Bado wanapiga rumba hapa Nairobi?"

Tikiti yake ya kurudi ilikuwa ya Jumapili asubuhi. Kulikuwa na usiku mmoja tu.

Kwa hiyo Jumamosi saa nne asubuhi nikafungua orodha. Shoo kumi na moja. Namba moja ilikuwa tamasha kubwa la uwanjani, kiingilio shilingi 3,500, wasanii watatu ambao nawasikiliza kila siku nikiwa kazini. Ningekuwa peke yangu ningekwenda bila kufikiri. Lakini uwanjani unasimama saa tano, mtu unayemtaka anapanda jukwaani mwisho kabisa, na spika zimepangwa ziwatikise watu elfu kadhaa. Baba ana miaka 67. Namba mbili ilikuwa jazi kwenye mkahawa wa Westlands ninaoupenda. Nikaukumbuka ule ukumbi: sakafu ya vigae, ukuta mzima wa kioo, dari ya zege. Mimi huona mahali pale pamechangamka. Mtu mwenye masikio kama ya baba anapewa sauti mara mbili, ile ya kwanza na ile iliyogonga kioo ikarudi, na asiyesikia vizuri hawezi kuzitenganisha. Namba tatu ilikuwa mugithi pale Roysambu, mtu mmoja na gitaa lake. Nilisita. Baba anazijua nyimbo nyingi za Kikuyu za zamani, aliwahi kupanga nyumba Kariobangi miaka mingi. Lakini huko watu huimba pamoja na mpigaji kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, na sauti mia mbili za watu waliokunywa ndizo zingekuwa shoo yenyewe.

Rumba ilikuwa namba tisa. Bendi haina wafuasi, mimi sijawahi kuisikiliza, mahali ni mbali na kwangu, hakuna aliyebonyeza kwamba atakwenda. Tangazo lilikuwa na picha ya mbavu za mbuzi, kubwa kuliko picha ya bendi. Baa ya nyama choma kando ya barabara ya Lang'ata, kuanzia saa kumi na mbili jioni, kiingilio bure.

Nilimwonyesha baba orodha yote, nikamweleza jinsi alama zinavyopatikana. Alisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni rasmi. Kisha akauliza, "Kwani bendi hazina nyumba siku hizi?"

Sikuelewa. Akanieleza. Zamani hizo bendi iliajiriwa na klabu. Ilikuwa na mahali pake, na wiki nzima ukitaka kuisikia unajua pa kwenda. Hukutafuta shoo, ulichagua mlango. Nairobi ya miaka ya 1970 na 1980 ilijaa wanamuziki waliotoka Zaire, kama ilivyoitwa wakati huo: Super Mazembe, Les Mangelepa, Virunga ya Samba Mapangala, waliokaa hapa, wakarekodi hapa, wakaimba Kiswahili na Kilingala katika wimbo mmoja. Alinitajia Garden Square pale katikati ya jiji, na Starlight karibu na hoteli ya Panafric, ambako leo pamesimama jengo la Integrity Centre, makao ya tume ya kupambana na ufisadi. "Pale pale tulipokuwa tunatapanya mshahara," akasema, akicheka. Leo mwanamuziki yuleyule yuko Kilimani Jumatano, Westlands Alhamisi, Ruiru Jumamosi, analipwa kwa usiku, na ndiyo maana mtu kama mimi anaona inafaa kuandika programu. Nilijihisi nimetengeneza dawa ya ugonjwa bila kumuuliza mgonjwa ulianza lini.

"Piga simu," akasema baba.

"Wapi?"

"Kwa hao wa mbuzi. Uliza kama kuna gitaa la rhythm ama ni kinanda."

Wasomaji, miaka mitatu nimetunza data za shoo na sikuwahi kumpigia simu hata mtu mmoja. Nikapiga. Alipokea kijana, nyuma yake vyombo vinagongana. Nikamuuliza swali la baba kama lilivyo. Akasema yeye ni wa jikoni lakini vijana wa bendi wako nje wanajaribu mitambo. Baba akaniashiria: mwambie aitoe simu nje. Nikaona aibu, lakini nikasema, na yule kijana, Mungu ambariki, akatoka nje na kuinua simu.

"Unasikia magitaa mangapi?" baba akaniuliza.

Nilisikia gitaa. Nikasema moja. Akatikisa kichwa. "Sikiliza tena. Kuna linalorudia-rudia kitu kimoja kama mtu anayetwanga?" Lipo. "Na juu yake kuna linalozunguka, haliimbi lakini halitulii?" Nikafumba macho. Lilikuwepo, na lilikuwepo muda wote. "Hilo la pili ni mi-solo," akasema. "La tatu ni lile linaloimba. Besi unaisikia?" Nikasema hapana, hakuna besi. "Ipo. Simu haiwezi kubeba besi."

Ni kweli kabisa. Simu ya kawaida kwa miaka mingi imepitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Nimesoma hilo chuoni, nikalifanyia mtihani, nikapata A. Mzee ambaye hasikii simu ndiye aliyenikumbusha.

"Twende huko," akasema.

Tulifika saa moja kasorobo. Tangazo lilisema saa kumi na mbili, bendi ilianza saa tatu na dakika kumi, jambo ambalo halikumshtua mtu yeyote isipokuwa mimi. Bustani ilikuwa wazi, nyasi chini, turubai juu ya jukwaa peke yake. Hiyo ndiyo sababu kubwa iliyonifanya nikubali: nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Bustani za aina hiyo hazipatikani kwa urahisi katika mitaa ya makazi. Kuna kanuni za kelele za mwaka 2009, na Novemba 2022 kaunti ilifuta leseni za vilabu vya usiku vilivyo kwenye makazi ya watu. Baa iliyo karibu na kwangu iliingiza wanamuziki ndani na kufunga madirisha. Majirani wanalala, nami nawaelewa, mimi mwenyewe ni jirani.

Wakati wa kusubiri baba alikula robo ya mbuzi na kachumbari, akanywa Stoney mbili, akaenda kuwasalimia wanamuziki kama watu anaowafahamu. Mpiga rhythm alikuwa karibu na rika lake. Nilimwona baba ameinama sana kumtazama mdomo. Aliporudi aliniambia kwamba yule mzee aliendesha bodaboda wakati wote wa kafyu ya korona, tangu Machi 2020 hadi Oktoba 2021, na gitaa lilikaa kwa mchungaji ili asije akaliuza.

Wakaanza. Kwanza taratibu, nyimbo zilezile ambazo redio za wazee hupiga Jumapili mchana. Watu wakacheza. Walipopiga Kasongo ya Super Mazembe bustani nzima iliruka, hata vijana, maana tangu mwaka 2024 wimbo huo una maisha mapya ya utani wa kisiasa ambayo waliourekodi hawakuyaota. Baba alitabasamu na kugonga meza kwa vidole, sawasawa kabisa na ngoma. Nikajipongeza. Nikatoa simu nimpige picha nimtumie Mama.

Ndipo ikafika sebene. Kwa wasiojua, wimbo wa rumba una nusu mbili: kwanza waimbaji wanasimulia, halafu sauti zinapungua, mwendo unakaza, na magitaa yanachukua wimbo mzima. Hapo ndipo mpiga solo anapolipwa. Unesco iliiweka rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021, na mimi nadhani hizo dakika za mwisho ndizo zilizofanya kazi hiyo. Mpiga solo alikuwa kijana mwembamba mwenye jezi, anapiga amefumba macho. Yalikuwa maajabu.

Baba akanigusa mkono. "Solo ameanza?"

Nilimtazama. Alikuwa anamkazia macho kijana yule, vidole vyake vya mkono wa kushoto.

"Ameanza," nikamwambia.

"Naona anavyokwenda," akasema. "Yuko juu sana."

Gitaa lile hata noti yake ya juu kabisa haizidi sana hezi elfu moja, kwa hiyo kwenye karatasi ya daktari ilipaswa kumfikia. Lakini kinacholitoa gitaa nyuma ya ngoma, besi na watu mia moja wanaopiga mluzi ni ule mng'ao wa ukucha kwenye waya, nao uko juu zaidi, elfu mbili, tatu, nne, palepale penye shimo. Alikuwa anapata besi, ngoma, na mtwango wa rhythm. Solo alikuwa anaitazama kwa macho tu. Nilikuwa nimepiga hesabu ya sakafu, kioo, dari, umbali na kiingilio, na hilo sikulifikiria.

Tukahamia meza ya mbele. Afadhali kidogo, akasema, na nilijua ni adabu. Nikaenda kwa fundi mitambo, kijana aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya jukwaa na miksa yake juu ya kreti mbili za soda. Nikamwomba aongeze sauti nyembamba kwenye gitaa la solo. Akaniangalia kama mimi ninavyomwangalia mteja anayetaka kitufe kiwe kikubwa zaidi. Akasema akiongeza hapo spika zitalia na watu wataondoka. Nikamweleza habari ya baba, kwa kifupi, kwa sauti kubwa, sikioni mwake.

Akatafakari kidogo. Kisha akavuta hedifoni zake shingoni, kubwa, zimefungwa kwa selotepu, akazifuta kwa shati. "Mlete mzee."

Wanaojua miksa wanajua kwamba juu ya kila chombo kuna kitufe kidogo cha PFL. Ukikibonyeza, hedifoni zinakupa chombo hicho peke yake, kabla hakijachanganywa na wengine, na walio nje hawasikii tofauti yoyote. Kimewekwa kwa ajili ya fundi kutafuta makosa. Fundi akamkalisha baba kwenye kile kiti cha plastiki, akamvalisha hedifoni, akabonyeza kitufe cha solo, akaanza kupandisha sauti polepole huku akimtazama usoni. Akapandisha. Akapandisha tena. Mimi moyoni nahesabu desibeli, maana kipimo wanachotumia wataalamu wa Marekani ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila ukiongeza tatu muda unakatika nusu, hivyo kwenye 100 una dakika 15 tu kwa siku. Nilitaka kusema kitu.

Baba akainua mkono: hapo hapo.

Wimbo uliofuata ulikuwa wa Les Mangelepa, mrefu. Waimbaji walipokuwa wakiimba, baba alikaa kimya ameshika hedifoni kwa mikono miwili. Sebene ilipoingia hakucheza, hakugonga chochote. Alikuwa anamtazama yule kijana, na midomo yake ilikuwa inatamka noti, ti-ri-ri, ti-ri-ri, sawa na vidole. Fundi aliacha kugusa miksa. Mpiga solo naye akaona, sijui aliambiwa na nani, akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa na kurudia mzunguko ule mara nyingi kuliko alivyokusudia, mpaka mpiga ngoma akaanza kumtolea macho.

Ilikuwa dakika nane hivi. Baada ya hapo baba alivua hedifoni mwenyewe, akamrudishia fundi kwa mikono miwili, akamwambia asante kijana. Nilimpa fundi shilingi mia tano, akakataa, nikaziacha juu ya kreti. Baba alirudi mezani akacheza nyimbo tatu, moja na mama mmoja wa meza ya jirani ambaye habari zake hazitafika Bungoma.

Kwenye teksi alilala. Asubuhi stejini, makanga wanapigiana kelele, aliniambia yule kijana ana haraka mno, mpiga solo wa zamani angesubiri kidogo kabla ya kupanda. Halafu akaniuliza kama mashine yangu inaweza kuandika jina la fundi mitambo. Nikasema haina sehemu ya hilo. Akaingia kwenye basi.

Sasa ina hiyo sehemu. Nimeongeza na nyingine: ndani au nje, sakafu ya nini, magitaa mangapi, bendi inaanza saa ngapi kweli, na namba ya simu ya kupiga kabla ya kwenda. Karibu zote ziko tupu, maana hakuna tangazo linaloandika mambo hayo, inabidi upige simu au uende. Wiki hii nimepiga simu nne wakati wa chakula cha mchana. Watatu walinijibu vizuri. Wa nne alidhani mimi ni wa kaunti.

Na hapa ndipo ninapowahitaji. Baba anarudi baada ya wiki tatu kuchukua vifaa vyake, na siku aliyopewa ni Jumatano, atalala kwangu usiku huo. Anataka kusikia tofauti, kwanza akiwa navyo, halafu akiwa amevitoa. Jumatano bendi nyingi zimepumzika, na orodha yangu inanipa jazi mbili na karaoke. Kama unajua mahali hapa Nairobi panapopigwa rumba Jumatano, nje, pasipo kinanda kinachofunika magitaa, na fundi mitambo ambaye si mkali, tafadhali niandikie hapo chini.